Wafu Hawaombi Makofi

"Madamu, na Amin tunamweka wapi?"

Aliyeuliza ni kijana wa Koboko, mwanafunzi wa ualimu, mpole wa sauti, kalamu imechomekwa nyuma ya sikio. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yangu hapa Mvara, mjini Arua, Uganda, kamati nzima ya wanafunzi wa chuo kimoja cha mjini, tukipanga wiki yao ya historia na utamaduni wa Mtu Mweusi. Jambo hilo wamelitoa Marekani kwa njia ya simu zao: kule mwezi wa Februari ni wa Weusi, nao wakaona Arua isipitwe. Mimi huitwa kwa sababu nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na kazi yangu ni kuangalia miaka na majina yasije yakatuchekesha mbele ya wageni. Bango lilikuwa tayari. Mandela yumo, Nkrumah yumo, Martin Luther King, Malcolm X, Wangari Maathai, Bob Marley na nywele zake.

Swali lilipotoka, watu walicheka. Binti mmoja akasema, "Wewe, unataka tufukuzwe chuo?" Mwingine akajibu kwamba Amin naye ni Mweusi, tena Mweusi wa hapa hapa, haina haja ya kumtafuta kwenye intaneti. Wakacheka tena. Kijana hakucheka. Alikuwa ameuliza kweli, na alikuwa ananitazama mimi.

Wakaendelea na mambo ya jenereta na spika, mimi nikabaki na lile swali. Mtu angedhani ni swali la siasa, au la adabu. Mimi naliona ni la dini. Walio hai wanadaiwa nini na wafu wao? Kama kusherehekea waliotutangulia maana yake ni kuwasifu, basi itabidi tuwachague, na tukishachagua, zaidi ya nusu ya wafu wetu wa West Nile watabaki nje ya uzio. Kama maana yake ni kitu kingine, ni kitu gani?

Nimtendee haki kwanza mtu aliyeanzisha jambo lenyewe. Carter G. Woodson alizaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alipata shahada ya udaktari wa historia Harvard mwaka 1912, na Februari 1926 akaanzisha wiki ya historia ya Weusi, akiuchagua mwezi huo kwa kuwa ndani yake watu walikuwa wakikumbuka kuzaliwa kwa Lincoln na kwa Frederick Douglass. Wanafunzi wa Kent State, Ohio, ndio walioinyoosha wiki ikawa mwezi mzima, mwaka 1970. Serikali yao ikaja kuutambua mwezi huo mwaka 1976. Kwa hiyo vijana wangu wa chini ya mwembe hawakukosea walipodhani kwamba hili ni jambo la chuoni. Woodson alikuwa akipigana na uongo mmoja mkubwa, kwamba watu wake hawajawahi kufanya lolote duniani. Mtu aliyeambiwa hivyo tangu utotoni, dawa yake ya kwanza ni kuonyeshwa waliofanya makubwa.

Sisi nasi tuliambiwa. Mwaka 1963 profesa mkubwa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema katika mihadhara yake kwamba Afrika kuna historia ya Wazungu tu, na kwamba kabla yao lilikuwa giza, na giza halisomeki. Nilipowasomea wanafunzi wangu maneno hayo walikasirika sana, nami niliwapoza kwa kuwaambia babu zetu walivyosema juu ya Wazungu wa kwanza: kwamba wakiwa peke yao, pasipo mtu wa kuwaona, hutembea kwa vichwa, miguu juu. Profesa alikuwa anatuona kichwa chini, na sisi tulikwisha kumwona yeye hivyo miaka mingi kabla hajazaliwa.

Lakini dawa ya mashujaa ina shida yake hapa kwetu. Walugbara, kabila langu, hawakuwa na wafalme. Walikuwa na wazee wa ukoo, na wenye mvua, na ugomvi. Leo tuna Agofe, kiongozi wetu wa kimila, na taasisi ya utamaduni yenye ofisi na mihuri, lakini hilo ni jambo la juzi. Vitabu nilivyofundishia vilikuwa na sura nzima za Buganda na Bunyoro, orodha za makabaka na maomukama, na sisi tulipewa kipande cha ukurasa chini ya kichwa cha jamii zisizo na dola. Mtoto wa Terego au wa Vurra akitafuta shujaa wa kuvaa taji humkosa kwao, akamwazima wa mbali. Mwaka uliopita binti mmoja alipanda jukwaani akiwa Malkia wa Sheba, taji la boksi la sabuni, na alipendeza kweli. Mama yake, anayeuza samaki wa angara sokoni, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ila hakuna hata mtu mmoja katika ukoo wao aliyepata kupandishwa popote.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Kama sherehe ya Weusi ni kujivuna kwa weusi wetu, hakuna aliyeijua sherehe hiyo kuliko yule ambaye kijana wa Koboko alimuulizia, Idi Amin, aliyekuwa rais wetu. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, akasema uchumi sasa ni wa Mwafrika. Mwaka 1973 Roy Innis, kiongozi wa shirika la kutetea haki za Weusi wa Marekani, alikuja Uganda na kumsifu hadharani. Mwaka 1975, wakuu wa Afrika walipokutana Kampala, alibebwa juu ya kiti na wanaume Wazungu, na picha hiyo ikazunguka dunia. Wako watu waliolia machozi ya furaha walipoiona. Nawaelewa. Ni picha inayolipa kisasi cha karne nzima kwa mkupuo mmoja. Siku ile ile watu walikuwa wakifa katika mahabusu za Nakasero na Makindye, na weusi wa aliyebebwa haukuwasaidia, wala weusi wao wenyewe.

Basi nilikuwa na sababu ya nyumbani kwangu ya kutolitupa swali la kijana.

Baba yangu mdogo alikuwa askari wa Amin. Alichukuliwa jeshini akiwa kijana mrefu asiye na viatu, na mwaka 1972 alirudi likizo na lori. Wakati ule watu waliopewa maduka ya Wahindi tuliwaita mafuta mingi, nasi tukawa nyumba ya mafuta mingi. Ndani ya lori mlikuwa na friji, nyeupe, na umeme hatukuwa nao. Mama aliitumia kuhifadhi nguo za kanisani. Ndani ya mlango wake palikuwa na karatasi imebandikwa, imeandikwa kwa herufi nisizozijua, za mkono wa mwanamke, nadhani orodha ya vitu vya jikoni. Mama hakuibandua. Hakuna aliyemuuliza baba mdogo alikuwa anafanya kazi gani hasa Kampala. Alikuwa akicheka sana, alitulipia karo, na akilewa alilala na taa inawaka.

Aprili 1979 serikali ile ilianguka. Mwaka uliofuata jeshi jipya lilipoingia West Nile tulivuka mpaka kama watu wengine wote, tukaenda Zaire upande wa Aru. Waliobaki waliona zaidi. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, mwendo mfupi kutoka hapa, waliuawa pale pale walipodhani Mungu atawaficha. Baba mdogo alifia ugenini mwaka uliofuata, kwa homa, akazikwa karibu na Ariwara chini ya udongo mtupu. Tuliporudi, tulirudi bila yeye, na jina lake likaanza kukosekana. Wajukuu wakisimuliwa ukoo, tunaruka. Lipo shimo pale, na kila mtu wa nyumba anajua mahali pa kukanyaga asitumbukie.

Bibi yangu mzaa baba alizikwa na mchungaji kwa nyimbo za kitabu, lakini alizaliwa kabla ya wamisheni wa Africa Inland Mission kufika Arua mwaka 1918, na aliujua ulimwengu mwingine, akanieleza. Chini ya ghala la ulezi palikuwa na vijumba vya mawe, kimo cha kuku, na humo wafu waliwekewa chakula chao. Wafu hao, ori, hawakuwa malaika. Walikuwa wazee wale wale wenye hasira na wivu, wenye kukumbuka nani alimnyima nani nyama katika msiba upi. Mtu akiugua, wazee waliketi kuuliza: nani miongoni mwa wafu amekasirika, na amekasirikia nini? Mara nyingi jibu lilikuwa ugomvi wa walio hai, kaka na kaka hawasemeshani, mke wa mtu ametukanwa, mzee amedharauliwa. Ilibidi ugomvi usemwe hadharani, maneno yote, kabla mnyama hajachinjwa. Mfu hakuhitaji kuambiwa kwamba alikuwa mtu mzuri. Alihitaji watu wakiri kwamba ni wao, na kwamba wao ni wake.

Na juu ya hao wote wako waasisi. Wazee wanasimulia kwamba Walugbara wanatokana na wanaume wawili, Jaki na Dribidu. Jaki alifia Mlima Liru, kule Koboko. Dribidu yuko Mlima Eti, ambao ramani zinauita Wati. Dribidu alikuwa na nywele mwili mzima, na jina lake jingine ni Banyale, mla watu, kwa sababu alikula watoto wake mwenyewe, akafukuzwa ng'ambo ya Nile ndiyo akaja huku. John Middleton, Mwingereza aliyeishi na wazee wetu mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyaandika hayo katika kitabu chake juu ya dini ya Walugbara kilichotoka mwaka 1960, lakini mimi niliyasikia kabla sijajua kusoma. Waliotusimulia walikuwa na vizazi na vizazi vya kumsafisha huyu mzee. Wangeweza kumnyoa. Wangeweza kusema watoto walikufa kwa ndui. Wakamwacha kama alivyo, babu yetu sote, na damu mdomoni.

Nikisema hivi kanisani kwetu, walokole hunikazia macho. Mvara ni mahali pa uamsho. Tumehubiriwa kwa vipaza sauti tangu utoto kwamba vile vijumba ni vya shetani na tuliviacha. Ni kweli tuliviacha, na sisemi tuvirudishe. Nimesali Kanisa Kuu la Emmanuel maisha yangu yote na nitazikwa na mchungaji kama bibi. Ila nawaomba ndugu zangu wafungue Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, mahali watu wengi huparuka kwa sababu ni majina matupu. Mwandishi anampa Masihi ukoo wake, na katika ukoo huo anamweka Tamari aliyejifanya kahaba, Rahabu aliyekuwa kahaba kweli, na mke wa Uria, ambaye hata hamtaji kwa jina lake bali kwa jina la mume aliyeuawa, ili msomaji asisahau mauaji. Halafu wasome Waebrania sura ya 11, orodha ya mashujaa wa imani, ambayo ndiyo bango la Biblia. Yumo Samsoni. Yumo Yeftha, aliyemtoa binti yake sadaka kwa ajili ya kiapo cha kijinga. Mimi kama ningekuwa kwenye kamati ya lile bango ningepinga Yeftha kuwekwa. Aliwekwa. Na amri ya tano inatutaka tuwaheshimu baba na mama bila kuweka sharti kwamba wawe watu wema, jambo ambalo mtoto wa mlevi yeyote analijua vizuri kuliko wahubiri.

Sasa tazameni gala ya utamaduni ya wiki hiyo. Kila kabila linapewa dakika saba jukwaani. Waalur wanaleta agwara zao, zile baragumu ndefu zinazotikisa tumbo. Wamadi wanaleta zao, Wanubi wana doluka, wengine wanapiga adungu. Walugbara huleta ngoma ya msiba, kwa kuwa ngoma zetu nzito zote ni za msiba. Majaji watatu wanaandika alama. Nyumbani, ngoma hiyo huchezwa kwa sababu mtu fulani amekufa, mwenye jina, na wakwe zake wamekuja na ngoma yao, na kuna nyama ya kugawana, na maneno yaliyolala miaka mingi yanaamka. Bibi alikuwa akisema zamani watu walikwenda kwenye ngoma za msiba na mikuki na wakati mwingine waliitumia. Jukwaani hakuna aliyekufa. Hakuna anayedaiwa. Ngoma inaisha, tunapiga makofi, tunakunywa soda. Sioni dhambi hapo, na mimi mwenyewe magoti yakikubali huwa nasimama nikacheza. Lakini tusiseme tumewakumbuka wahenga. Tumejifurahisha mbele ya picha zao.

Kuna njia nyingine ya kupandisha wafu jukwaani, na aliyenionyesha ni Mtanzania. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa tamthilia yake Kinjeketile. Tanzania ilikuwa changa, inatafuta mashujaa, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905, alikuwa shujaa aliyeiva wa kuchumwa. Hussein hakumchuma. Alimpandisha akiwa na mashaka, mtu asiyeyaamini tena maji yake mwenyewe wakati wengine wanayafia. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa kuwa kesho watoto wataambiwa na adui kwamba baba zao walikufa kwa upumbavu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa mkimbizi aliyerudi, nikaifunga na kukaa kimya jioni nzima. Alikuwa amemleta mfu na kumuuliza, mbele ya watu wake, maswali ambayo bado wanamdai majibu.

Nasi tunaye wetu. Rembe alikuwa Mkakwa, nabii wa maji ya Yakan, ambayo wengine waliyaita maji ya Allah. Nchi ilikuwa imepigwa na magonjwa ya watu na ya ng'ombe, Wabelgiji wa Mfalme Leopold wamepita wakati nchi hii ikiitwa Lado, Wasudani wamepita, na mwaka 1914 tukagawiwa Uganda bila mtu kutuuliza. Watu walikunywa maji ya Rembe kwanza yawakinge na maradhi, kisha wakaamini yatageuza risasi kuwa maji. Rembe alikamatwa akauawa Yei mwaka 1917. Mwaka 1919 waliokunywa walipambana na askari wa serikali, na risasi zikabaki risasi. Vijana walipomsikia Rembe macho yaliwaka: huyu ndiye shujaa wetu! Nikawauliza, na wale waliosimama mbele ya bunduki kwa neno lake, mtawaweka upande gani wa bango?

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli, na yalikwenda mahali nisipopapanga. Kulikuwa na binti Mnubi, wa mtaa wa hapa mjini, aliyekuwa kimya. Alisema babu wa babu yake alikuwa askari wa Emin Pasha, pale Wadelai kwenye Nile, wale waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 wakawa jeshi la Waingereza. "Kwa kumbukumbu za kwetu," alisema, "huyo mzee alikamatwa akiwa mtoto na wafanyabiashara wa Khartoum. Alipokua akapewa bunduki akakamate wengine. Sasa mimi nikicheza doluka, namchezea yupi? Mtumwa, au aliyewafunga watu kamba?" Vitabu vya utumwa ambavyo vijana hawa wamesoma vyote vinaelekea baharini, kwenye merikebu. Utumwa wa kwetu ulishuka na mto kwenda kaskazini, ukatuachia majirani, misikiti, lugha ya Kinubi sokoni, na wali mtamu siku ya Idi. Wiki ya Mtu Mweusi iliyotungwa Marekani haina nafasi ya mzee huyo. Chini ya ghala la bibi angepata nafasi, kama angekuwa wa ukoo.

Kama angekuwa wa ukoo: hapo dini ya bibi inakwama, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu binti wa Kiacholi alinikamata hapo hapo. Alisema kwa heshima, "Mama, nyinyi mnazungumza habari ya kumpa nafasi mtu wenu. Babu yangu alikuwa askari. Aliuawa kambini 1971, yeye na Waacholi na Walango wenzake, baada tu ya mapinduzi. Huyo mnayemtafutia kiti, kwangu mimi si mhenga mgumu. Ni muuaji." Hakuna aliyechezea simu wakati huo.

Vijumba vya mawe vilikuwa vya wafu wa nyumba moja. Kila nyumba ilikuwa na vyake, na wafu wa adui walishughulikiwa na adui. Chuo ni kitu kipya. Kinakusanya kwenye bweni moja, kitanda juu ya kitanda, wajukuu wa watu waliouana, na hakijatungiwa ibada. Kimetungiwa gala. Nadhani ndiyo maana tunashikilia Mandela na Bob Marley: hawakumuua babu wa mtu yeyote humu. Ni wafu rahisi. Na ndiyo maana mwezi wa Februari, ambao kwa Uganda si wa kuazima hata kidogo, tunaupitisha tukitazama Marekani. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na redio ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Sanamu yake iko Westminster Abbey, London, tangu 1998, na siku yake ni sikukuu ya taifa. Luwum alikuwa Mwacholi. Aliyepokea fimbo yake alikuwa Silvanus Wani, Mkakwa kama Amin, mtu wa Koboko, kasisi wa jeshi, askofu wa kwanza wa Madi na West Nile, ambaye kiti chake kilikuwa hapa hapa Mvara. Hebu fikirini mtu huyo alivyolala usiku: rais wa kabila lake amemuua mkubwa wake wa kiroho, naye anaambiwa akakae mahali pa marehemu. Aliliongoza Kanisa mpaka 1983. Katika miaka yangu yote sijaona mwanafunzi aliyempandisha jukwaani. Hana hotuba maarufu, na maisha yake hayapigiwi makofi kirahisi.

Nilichowaambia hatimaye ni hiki. Amin hawezi kwenda kwenye bango, kwa kuwa bango ni la sifa. Lakini hawezi kuachwa nje, kwa kuwa ni wetu, na tukimtupa tutakuwa tumewatupa na waliokufa mikononi mwake, maana hakuna atakayejua walikufaje. Mpangilio ndio wenye maana. Aliyeuawa anaitwa kwanza, na anaitwa na mtoto wa upande wa muuaji.

Walifanya, kwa namna yao. Kabla ya ngoma, kijana wa Koboko alisimama akasoma habari za Luwum, Oryema na Oboth Ofumbi, na za askari wa 1971, akamtaja Amin kwa jina lake kamili na mahali anapotoka, akasema "kwetu". Kisha binti Mwacholi akasoma habari za Ombaci, na jeshi lililofanya lile alilitaja lilivyokuwa. Jenereta ilizimika katikati ya Ombaci ikabidi amalizie kwa sauti yake. Watu kadhaa waliondoka. Mhadhiri mmoja aliniambia baadaye kwamba aliahidiwa sherehe, akaletewa mahakama, na wageni wake hawakupendezwa. Nilimjibu kwamba bibi asingeona tofauti. Agwara zilipoanza, zilipigwa kwa nguvu zaidi kuliko mwaka uliotangulia, ingawa majaji walisahau kuandika alama za kabila la kwanza na ugomvi wa hilo mpaka leo haujaisha.

Mahali ambapo bado sijaridhika ni hapa: sijui kama binti yule alinufaika, au sisi ndio tulionufaika kwa mgongo wake. Mtoto wa aliyeuawa ana haki ya kukataa kusikia majuto ya mtu yeyote. Nilimwambia hivyo, akasema atafikiri.

Kwetu nyumbani tumeamua kuvuka mpaka kiangazi hiki, kwenda Ariwara kujengea kaburi la baba mdogo na kumaliza matanga yake, na jina lake kulirudisha kwenye ukoo wa wajukuu pamoja na lori na friji na ile karatasi ya herufi za Kihindi. Mchungaji amekubali kuja kwa sharti kwamba pasiwe na pombe. Kila tawi la ukoo linachangia. Mimi nimetoa simenti mifuko miwili. Kaka yangu mkubwa hajatoa kitu, na amesema hatakwenda. Yeye ndiye aliyeishi naye Kampala.